Dozi ya mionzi: nani mwingine amepima?

Kila yanapozuka mazungumzo ya Zanzibar kuwa na mashine yake ya kutibu saratani kwa mionzi, watu hujadili jengo, bei na tarehe ya kufunguliwa. Nawaelewa. Mama wa Wete, Pemba, mwenye saratani ya shingo ya kizazi huvuka bahari hadi Unguja, akavuka tena hadi Dar es Salaam, kisha akakaa huko wiki tano au zaidi akipigwa mionzi Jumatatu hadi Ijumaa pale Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kumpunguzia safari hiyo ni jambo la haki. Lakini swali jingine halisikiki sana: mashine ikionesha kuwa imetoa grei 2 (grei ni kizio cha dozi ya mionzi), ni nani mwingine, asiye wa hospitali hiyo, aliyepima?

Tangu 1969, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani huzisaidia hospitali kujibu swali hilo kwa njia ya posta. Hospitali hutumiwa kapsuli ndogo yenye kipimo cha mionzi ndani yake, ikaizamisha ndani ya chombo cha maji, ikaipiga grei 2 na kuirudisha. Maabara ya Seibersdorf, Austria, husoma dozi iliyofika kweli. Tofauti ikizidi asilimia 5, sababu hutafutwa. Kwa tiba ya jumla ya grei 50, asilimia hiyo ni grei 2.5, na si kidogo kwa kibofu au utumbo ulio karibu na uvimbe.

Wapo wanaoona ukaguzi ni mzigo. Wataalamu wa fizikia ya tiba ni wachache, foleni ni ndefu, na kila saa ya mashine kusimama ni saa ya mgonjwa. Kuchelewa nako kunadhuru, maana saratani haingoji. Kwa kapsuli za posta hoja hii haina nguvu, kwani kuzipiga mionzi ni kazi ya muda mfupi. Kwa ukaguzi wa timu inayokuja kukaa siku kadhaa, ikifuatilia kazi yote tangu picha ya mgonjwa hadi kitanda cha matibabu, hoja ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kusimamia kliniki yenye mashine moja.

Hata hivyo, ajali mbili zinanifanya nisiridhike na kapsuli peke yake. Costa Rica, mwaka 1996, chanzo cha kobalti, yaani kitu kinachotoa mionzi ndani ya mashine, kilibadilishwa na hesabu ya nguvu yake ikakosewa. Wagonjwa zaidi ya 100 walipata dozi iliyozidi kwa kiasi cha nusu. Kosa la namna hiyo kapsuli ingelifichua. Lakini Stoke-on-Trent, Uingereza, kati ya 1982 na 1991, mashine haikuwa na tatizo. Programu ya kompyuta ya kupanga tiba ilikwisha kurekebisha dozi kulingana na umbali wa mgonjwa na mashine, na watumishi wakaendelea kuirekebisha tena kwa mkono. Takriban wagonjwa 1,000 walipewa dozi pungufu kwa karibu miaka kumi. Kapsuli ndani ya maji ingepita salama mwaka hadi mwaka.

Dozi pungufu ndiyo inayonitisha zaidi. Iliyozidi huunguza ngozi, na mgonjwa hulalamika. Iliyopungua haiumi. Mama anarudi Pemba akiwa na nafuu, ugonjwa unarejea baada ya mwaka, familia inasema ndivyo Mungu alivyopanga, na habari hiyo huenda isifike kwa aliyemtibu ng'ambo ya bahari. Imani hiyo naiheshimu, ni yangu pia. Haituondolei wajibu wa kupima.

Kuhusu kutangaza matokeo, nimesitasita. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na habari ya mashine iliyokosea inaweza kuwarudisha wengine kwenye miti shamba. Bado naona usiri ni hatari kubwa kuliko hofu, kwa sababu uvumi huifikia Chake Chake kabla ya taarifa rasmi. Itangazwe tarehe ya ukaguzi na kama mashine ilipita, na aliyeguswa na kosa aambiwe ana kwa ana, bila kungoja aulize.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayotoa leseni za vyanzo vya mionzi. Ningependa leseni ya mashine ya kwanza Zanzibar iwe na sharti kwamba hakuna mgonjwa atakayelazwa chini yake kabla jibu la kapsuli halijarudi, na kwamba timu ya nje ifuate mnyororo mzima ndani ya mwaka wa kwanza. Fedha za kazi hiyo, pamoja na mshahara wa wanafizikia wasiopungua wawili ili mmoja ahakiki hesabu za mwenziwe, ziandikwe katika bajeti ileile ya kununulia mashine. Zikiachwa kwa mwaka unaofuata, zitashindana na dawa, na zitashindwa.