Una viza ya muda mrefu? Usinunue tiketi ya kurudi kwa hofu

Vijana wengi wanaokwenda Ujerumani kusoma, kufanya Ausbildung (mafunzo ya ufundi yanayofanyika kazini na shuleni) au kuanza kazi wanapoteza pesa kabla hawajapanda ndege. Wakala wa tiketi anawaambia kwamba bila tiketi ya kurudi watazuiwa uwanjani. Wanakata ya kwenda na kurudi, tarehe ya kurudi inawekwa wiki tatu mbele, na wao wanakwenda kukaa miaka mitatu. Nauli ile inapotea hivihivi, na mara nyingi ni pesa iliyotoka kwenye mchango wa ukoo au kiwanja kilichouzwa. Niseme wazi: viza ya kitaifa ya Ujerumani haidai tiketi ya kurudi.

Fungua pasipoti uangalie stika. Kuna mahali pameandikwa aina ya viza, na hapo pana herufi moja. Ikiwa ni C, wewe ni mgeni wa muda mfupi, siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Huyo ndiye anayetakiwa kuonyesha atakavyoondoka: buking ya kurudi, bima ya afya isiyopungua euro 30,000, pesa za kujikimu, na sababu inayomrudisha nyumbani. Ikiwa ni D, hiyo ndiyo viza ya kitaifa, na umeruhusiwa kuingia ili ukae. Stika hiyo huwa na miezi kadhaa tu, kwa kawaida mitatu hadi 12, na wengi wanadhani tarehe ya mwisho iliyoandikwa pale ndiyo tarehe ya kuondoka nchini. Sivyo. Kabla tarehe hiyo haijafika unatakiwa uwe umeomba kibali cha ukaazi katika Ausländerbehörde, ofisi ya wageni ya mji unakoishi. Hakuna tarehe ya kurudi ambayo mtu mwenye D angeweza kuitaja kwa ukweli.

Kwa nini basi kaunta wanauliza? Kwa sababu anayekuuliza si afisa uhamiaji. Ni mfanyakazi wa shirika la ndege, na mbele yake ana Timatic, mfumo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, unaoeleza kila nchi inataka hati gani kwa abiria gani. Shirika likimpeleka mtu asiye na hati sahihi, linamrudisha kwa gharama zake na linapigwa faini. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2001 inazitaka nchi wanachama kuweka faini ya abiria mmoja ambayo kiwango chake cha juu hakiwi chini ya euro 5,000, au cha chini hakiwi chini ya euro 3,000. Mfanyakazi huyo hana ugomvi na wewe, anaogopa faini.

Shida huanza anapojaza kwamba unakwenda kutembea. Mfumo unakuona mtalii mwenye tiketi ya kwenda tu, na jibu linakuja la kitalii: tiketi ya kurudi iko wapi? Usipandishe sauti. Mwambie, "Dada, naomba uangalie kama abiria mwenye viza D ya masomo, si mtalii." Akisita, omba msimamizi wa zamu. Ndiyo maana nashauri ufike saa tatu hadi nne kabla ya ndege kuondoka. Mjadala wa dakika ishirini si kitu ukiwa na saa nne, ila ukibakiwa na dakika arobaini utanunua tiketi yoyote utakayoonyeshwa.

Karatasi ziwe kwenye begi la mkononi, zimechapishwa: barua ya chuo au mkataba wa kazi, bima, anwani ya utakapofikia, na kwa wanafunzi uthibitisho wa Sperrkonto, akaunti ya pesa za kujikimu ambazo hutolewa kidogokidogo kila mwezi. Kiwango chake tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka. Kosa linalojirudia ni kuweka bahasha yote hiyo ndani ya sanduku kubwa, na sanduku limeshapimwa na kuondoka na mkanda wakati unaulizwa barua ya chuo. Wala usitegemee simu. Chaji huisha na intaneti ya uwanjani husumbua.

Hofu hii tunaibeba kutoka nyumbani, kwa sababu kwetu safari haiko hivyo. Ukitoka Dar kwenda Nairobi kwa basi, pale Namanga unapita kituo cha pamoja, maafisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja, unagongewa muhuri na kurudi kwenye kiti chako. Hakuna anayekudai tiketi ya basi la kurudi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho tu tangu 2014. Kweli, na sisi mtalii wa mbali tunamdai tiketi ya kurudi anapoomba viza, lakini jirani tunamwamini. Nauona utaratibu wetu una utu zaidi kuliko wa Ulaya, ambako mwenye pasipoti kama yetu anahesabiwa kuwa hataki kuondoka mpaka athibitishe kinyume. Lakini una upande mbaya: tumezoea kuchanga nauli ya kwenda, na ya kurudi hakuna anayeifikiria. Hilo nitalirudia.

Kuna hali moja ambapo tiketi ya kwenda na kurudi ina maana: inapokuwa na bei ndogo kuliko ya kwenda tu. Kwa mashirika makubwa hutokea mara nyingi, kwa hiyo linganisha bei zote mbili. Ukiichukua, zingatia masharti. Anza na safari ya kwanza. Ukiikosa, ya kurudi nayo hufutwa. Soma muda wa juu wa kukaa ulioandikwa kwenye masharti ya nauli, kwani nauli za chini zina mwezi mmoja au mitatu. Ukijua hutarudi, futa safari hiyo ya kurudi kabla ndege yake haijaondoka, na uombe urudishiwe kodi za uwanja wa ndege. Na anayekuambia atakuuzia tiketi ya kurudi baada ya miaka mitatu anakudanganya: tiketi kwa kawaida huishi mwaka mmoja, na kalenda za buking hufunguliwa takribani miezi 11 mbele.

Tiketi za kuonyesha tu, zile za "lipa kidogo upate buking", ziogope. Buking ina herufi na namba sita. Hiyo ni nafasi iliyoshikwa, na isipolipiwa hufutika yenyewe, pengine asubuhi ileile unayosafiri. Tiketi iliyolipiwa ina namba yenye tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 157 Qatar Airways. Ingiza namba yako kwenye tovuti ya shirika lenyewe, si ya wakala. Ukipeleka tiketi ya kughushi kwenye maombi ya viza ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, unanyimwa, na kumbukumbu hukaa kwenye mfumo wao hadi miaka mitano.

Tena, epuka kuunganisha tiketi mbili tofauti. Ukikata Dar hadi Istanbul peke yake, kisha Istanbul hadi Berlin kwa shirika jingine, kaunta ya Dar inaona safari yako inaishia Uturuki na inakudai masharti ya Uturuki. Mizigo nayo utaichukua na kuisajili upya. Ndugu zetu wa Kongo waongeze jambo moja: DRC iko kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupita kwenye viwanja vya ndege vya Schengen hata kama hawatoki nje, ila mwenye viza halali ya Schengen, iwe C au D, amesamehewa.

Uarabuni mambo ni tofauti. Kule tiketi ya kurudi ni haki inayoandikwa kwenye mkataba. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya 2021 inamtwisha mwajiri gharama ya kumrudisha mfanyakazi alikomtoa, isipokuwa akihamia kwa mwajiri mwingine au mkataba ukivunjika kwa kosa lake. Kabla ya kusaini, tafuta kifungu hicho, na nakala ya mkataba ibaki nyumbani kwa mtu unayemwamini.

Ujerumani hakuna wa kukurudisha, labda aliyekusainia Verpflichtungserklärung, hati ya kuahidi kubeba gharama zako, naye huwajibika kwa miaka mitano, gharama za kuondoshwa nchini zikiwemo. Kwa hiyo pesa ambayo ungeitupa kwenye tiketi isiyotumika, iweke akaunti ya pembeni. Kipimo chake ni bei ya tiketi ya kwenda tu, iliyokatwa siku mbili kabla, katika wiki ya Krismasi. Msiba ukitokea nyumbani, hiyo ndiyo bei utakayokutana nayo.