Ukishalionyesha, usiliseme

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa ubunifu kazi ile ile: chukua shairi, lifanye filamu fupi. Na kila mwaka rasimu za kwanza hufanana kama mapacha. Sauti ikitaja mwezi, mwezi huo hapo. Ikitaja ndege, ndege anaruka. Ikifika kwenye machozi, jicho linajaa skrini nzima na tone linateremka taratibu, huku piano inalia kwa nyuma. Piano imetoka wapi, hakuna anayeweza kunieleza.

Kuna mwanafunzi mmoja aliyeleta shairi la beti nne kuhusu kumngoja mtu aliyeondoka asirudi. Limetaja viatu, mlango, vumbi na taa. Rasimu yake ya kwanza ikatuletea viatu, mlango, vumbi na taa, kwa mpangilio huo huo. Mwenzake aliyekaa nyuma akasema ni kama kitabu cha picha cha kumfundishia mtoto majina ya vitu. Darasa likacheka, yeye akanyamaza. Nilidhani atabadilisha shairi.

Alirudi baada ya wiki mbili na picha moja tu iliyokatwa vipande: mtu anafagia sakafu. Hatumwoni uso, tunaona mikono na ufagio. Ubeti wa kwanza, anafagia. Wa pili, anafagia, lakini kila akifika sehemu fulani karibu na mlango ufagio unapinda, unazunguka kitu kilicho nje ya picha. Kwenye ubeti wa tatu kamera inasogea, na ndipo unaviona viatu, na vumbi lililovizunguka kama ufuo. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwa nimemfundisha: mshororo unaotaja viatu akauondoa kwenye sauti. Pale palipokuwa na maneno pakabaki mlio wa ufagio.

Tangu siku hiyo nimeshikilia neno moja, na wenzangu wengine wa somo la fasihi hawalipendi. Ukishalionyesha, usiliseme. Wao wanasema shairi ni kitu kamili, ukilitoa mshororo umelikata kiungo. Ninawaelewa. Lakini filamu inayobeba maneno yote na picha zote inamwambia mtazamaji kitu kile kile mara mbili, na wanafunzi wakiongeza maandishi juu ya skrini, mara tatu. Shairi lenyewe limesimama kwa sababu ya yale ambayo mtunzi aliyaacha. Anayelipeleka kwenye filamu naye ana deni la kuacha kitu.

Enzi za filamu bubu hili lilijitatua lenyewe. Mwaka 1921 Paul Strand na Charles Sheeler walitengeneza filamu fupi ya jiji la New York, Manhatta, wakatumia maneno ya mshairi Walt Whitman. Hakukuwa na sauti, basi maneno yalikuja kama maandishi kati ya picha na picha. Unasoma, kisha unaona. Macho yalipewa kazi moja kwa wakati mmoja, na mpaka leo huwaambia wanafunzi waijaribu njia hiyo kabla hawajagusa maikrofoni. (Manukuu kwa ajili ya viziwi ni suala jingine kabisa, hayo yawepo daima, na yaandikwe yasomeke. Ninayoyapinga ni maandishi yanayorukaruka kwa sababu programu ina kitufe cha kuyarusha.)

Kwenye sauti ndiko ninakogombana nao zaidi. Wengi hupiga picha kwanza, kisha wanatafuta jinsi ya kulisoma shairi liingie ndani yake. Mimi nataka sauti iwe ya kwanza. Irekodi kwa simu, hata chini ya blanketi ili mwangwi upungue, kisha iweke kwenye programu ya kuhariri uyatazame mawimbi yake. Hapo shairi unaliona kwa macho: mizani (yaani silabi) minane, pumzi, mizani minane, kina, kimya. Mshororo wa mizani 16 ukisomwa bila haraka huchukua kama sekunde tano. Ukikata picha kwenye kila kina, baada ya ubeti mmoja mtazamaji ameshakubaini na anaanza kuhesabu. Kata mara moja katikati ya kipande, yaani nusu ya mshororo, mara nyingine uache picha ivuke mwisho wa mshororo iingie kwenye unaofuata, kama mtunzi anavyofanya kwenye mishata, mishororo ambayo maana yake haikamiliki mpaka ufike unaofuata. Katika Night Mail ya mwaka 1936, filamu ya treni ya barua kutoka London kwenda Scotland, beti za mshairi W. H. Auden zinakwenda kwa mwendo wa magurudumu. Ninaionyesha darasani kila mwaka, na kila mwaka kuna anayegonga meza kwa vidole bila kujijua.

Kosa moja lilikuwa langu. Miaka ya mwanzo nilidai filamu za dakika tatu. Waliochagua katuni za kuchora kwa mkono walinikimbia, na walikuwa na haki: sekunde moja ina fremu 24, na hata ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, dakika tatu ni michoro 2,160. Mtu anayechora 2,160 hana muda wa kufikiri kuhusu shairi. Siku hizi naomba dakika moja, moja na nusu ikizidi sana, na shairi liwe fupi kiasi kwamba mwanafunzi analijua kwa moyo kabla ya kuwasha kamera.

Haki za mtunzi huzipitia mapema ili tusije tukalia baadaye. Mkataba wa Berne unazilinda kazi za fasihi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nchi nyingi zimefika 70. Kwa mtunzi aliye hai, andika barua. Huwa wanajibu, na mara nyingi wanafurahi kuliko unavyotarajia.

Yule wa ufagio aliniomba jambo moja la mwisho kabla ya kuwasilisha. Alitaka kuondoa sauti yote, abaki na sakafu na mlio wa kufagia. Nikamkatalia, nikamwambia hapo shairi litakuwa limekwisha na itabaki filamu ya mtu anayefagia. Akabakisha mishororo sita kati ya 16. Nimempa alama nzuri, na mara mbili sasa nimeizima sauti nikaitazama hivyo hivyo, nikitaka kujua kama nilikosea.