Bibi ndio ustawi wa jamii wetu, na hatumlipi hata mia

Nikiwa darasa la tano nilirudishwa nyumbani nikaambiwa nisirudi bila mzazi, kosa lenyewe hata silikumbuki vizuri, nadhani ilikuwa kelele darasani au mchango wa dawati, moja kati ya hayo. Nikarudi na bibi. Mwalimu akamwamkia vizuri tu, shikamoo bibi, akampa na kiti, alafu akanigeukia mimi, "Nilikwambia mzazi." Bibi hakukasirika, akavuta kanga yake begani akasema, "Mwalimu, mzazi ndio huyu uliyempa kiti, mwingine yuko Dar anatafuta."

Hiyo ilikuwa Muheza. Mama alinipeleka pale nina miaka mitatu, yeye akarudi Manzese kupika chakula cha mafundi ujenzi, anaamka saa tisa usiku analala saa nne, sasa mtoto wa miaka mitatu ungemweka wapi? Baba alikuwepo duniani. Simzungumzii sana hapa, sio kwa hasira, ni kwamba kwenye hii stori hana sehemu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu wiki nzima watu wanagombana mtandaoni kuhusu familia kuharibika. Upande mmoja wanasema singo maza ndio wametuletea panya road, yale magenge ya vijana vibaka, ndoa zikivunjika nchi nayo inavunjika, turudi kwenye maadili. Upande wa pili wanajibu singo maza ni jembe, analea peke yake na anaweza, hamhitaji mtu. Mi nasoma komenti nacheka peke yangu, maana wote hawa hesabu yao inaishia kwa baba na mama, mmoja akitoka basi anabaki mmoja. Hakuna hata mmoja aliyemtaja bibi. Na huyo singo maza anayesifiwa kwamba analea peke yake, ukimuuliza mtoto yuko wapi leo jumanne saa nne asubuhi, mara nyingi sana jibu ni yuko kijijini kwa bibi yake.

Msimamo wangu ni huu, na najua utawaudhi wachungaji na mashehe na pia wanaharakati: tunaloliita kuvunjika kwa familia, kwa sehemu kubwa ni mzigo kuhamia kwa mwanamke wa miaka sitini na kitu ambaye hakuna ofisi yoyote ya serikali inayomjua kama mlezi. Anafanya kazi ya ustawi wa jamii bila ofisi, na ya mama lishe wa shule bila sufuria ya shule. Nesi wa usiku ndio yeye. Na mtoto akiharibika, lawama inakuja kwake pia, oo bibi kadekeza.

Angalia sheria zetu zinavyoona familia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mtoto akiwa chini ya miaka 7 mahakama ianze na dhana kwamba ni vizuri akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vingine. Sawa kabisa. Sasa mama anashinda kesi, anatoka mahakamani na mtoto wake kwa furaha zote, mwezi haujaisha anampandisha basi kwenda kwa bibi kwa sababu chumba ni kimoja na kazi ni ya kutwa. Karatasi inasema mtoto yuko kwa mama. Ukija kwenye matunzo ya baba ndio kichekesho zaidi, ile sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilikuwa na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, mia moja, na ilikaa kwenye vitabu vyetu mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta. Yaani kuna watu wazima leo wana ndevu zao ambao walipozaliwa, sheria iliona baba akitoa hela ya pipi amemaliza.

Aprili 2018 Paul Makonda, akiwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, aliwaita akina mama waliotelekezewa watoto waje ofisini kwake Ilala. Wenye kumbukumbu wanajua kilichotokea, watu walifurika na watoto mgongoni, foleni jua kali, wengine wametaja majina ya vigogo, mitandao ikawaka moto. Kuna waliosema ni siasa na labda ilikuwa siasa, mi sina ugomvi. Ila nilitazama zile picha nikajiuliza, hawa ni wale waliokuwa na nauli ya kufika Ilala. Mtoto wa kule Muheza aliyeachwa kwa bibi, nani angempangia foleni? Bibi yangu asingejua hata aseme nini pale mbele, angesema mjukuu wangu anakula vizuri tu mheshimiwa, asante.

Na ukisema basi bibi afuate utaratibu apate karatasi, sheria ipo, kuna kuasili mtoto akawa wako kisheria, kuna malezi ya kambo ya kumtunza tu, vyote vinapitia ustawi wa jamii na mahakama. Bibi gani ataenda Mahakama Kuu kuomba apewe mjukuu wake mwenyewe? Atakuona umechanganyikiwa. Kwahiyo anabaki hana karatasi, na asiye na karatasi nchi hii unajua anavyozungushwa. Fomu ya shule inataka sahihi ya mzazi, bibi anaweka dole gumba. Hospitali mtoto anatakiwa kulazwa wanauliza baba yuko wapi. Bima ya mfanyakazi inamuandikia mwenza wake na watoto wa kuzaa au wa kuasili kisheria, mtoto wa dada yako unayemlea wewe tangu yuko mgongoni ukamweleze nani. Sistimu inamjua yatima, kuna cheti cha kifo, kinaskaniwa, kinapakiwa, kimeisha. Ila mtoto ambaye baba yake mzima wa afya yuko Mbezi anakula supu, huyo sistimu haina kisanduku chake.

Sasa hapa kuna kitu kinanifurahisha sana na nilikijua ukubwani. Dunia nzima ikitaka kueleza kwa nini binadamu wana mabibi, inakuja kutolea mfano Tanzania. Miaka ya themanini watafiti kutoka Marekani, mmoja anaitwa Kristen Hawkes, na wenzake, walikaa na Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wakawa wanahesabu nani analeta chakula gani. Wakakuta mabibi wanachimba mizizi kwa juhudi za ajabu, kutwa nzima wako na vijiti vyao. Na mama akishajifungua mtoto mchanga, akawa hawezi kuchimba kama zamani, uzito wa yule mtoto mkubwa aliyeachishwa ziwa ulikuwa unakwenda na kazi ya bibi yake. Bibi akichimba sana mtoto ananenepa. Kutoka hapo wakajenga hoja kwamba hii ndio inaeleza kwa nini mwanamke anaishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi wakati wanyama wengi mambo hayako hivyo, kwamba bibi ni sehemu ya jinsi binadamu walivyoweza kuzaa watoto wa karibu karibu na wakapona. Wapo wataalamu wanaobishana nao, sawa, sayansi ndio ilivyo. Lakini nilivyosoma nilimuona bibi yangu na jembe lake mihogoni, nikasema kumbe nilikuwa na utafiti nyumbani.

Ushahidi mwingine ni Afrika Kusini na huu ningependa wabunge wetu wauone kabla ya kusimama kutuhubiria maadili. Ubaguzi ulipokuwa unaisha mwanzoni mwa miaka ya tisini, pensheni ya wazee ya serikali ikapanuliwa, wazee weusi nao wakaanza kulipwa hela ya maana. Mchumi Esther Duflo akachunguza watoto wanaoishi kwenye nyumba za wazee hao, utafiti ukatoka 2003. Pensheni ikiingia mkononi kwa bibi, wajukuu wa kike wanaongezeka uzito na urefu. Ikiingia kwa babu, hamna mabadiliko ya kueleweka. Mababu msinitupie mawe, sijafanya mimi huo utafiti.

Na sio lazima twende mbali. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa 1983, na miaka iliyofuata kizazi kizima cha katikati kikapungua, wakabaki bibi na wajukuu ndani ya nyumba, migomba nje haina wa kuipalilia. Pale Nshamba, Muleba, tangu 2003 kuna shirika la Kwa Wazee ambalo likaamua jambo rahisi, kuwapa wazee pensheni ndogo kila mwezi, na kiasi cha ziada kwa wajukuu wanaowalea. Hela mkononi, bibi anajua mwenyewe kama leo ni sabuni au daftari. Zanzibar nao April 2016 wakaanzisha pensheni jamii, mtu akifika miaka 70 analipwa, ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa. Bara tuna sera ya wazee tangu 2003, imeandikwa Kiswahili kizuri kabisa, ila bibi wa Muheza hajawahi kupokea meseji ya muamala kutoka kwenye sera.

Nisije nikaonekana nawapamba mabibi kama malaika. Bibi yangu alinipiga kwa vitu ambavyo leo ningemshtaki. Macho yalipoanza kumsumbua alikuwa anashika daftari langu anasema vizuri, vizuri, kumbe limejaa makosa na mimi nakaa kimya nakula sifa. Kulikuwa na jirani mtu mzima ambaye sisi wasichana wote tulikuwa tunamkwepa njiani, na sikuweza kumwambia bibi kwa sababu huyo jirani ndio alikuwa anamsaidia kuezeka nyumba. Bibi mmoja mwenye wajukuu sita hawezi kuona kila kitu. Hili watu hawapendi kulisema wanapoimba habari za malezi ya kijiji, zamani kijiji kizima kilikuwa kinalea, sawa, lakini kijiji hicho hicho ndio kilikuwa kinanyamaza.

Kuna na lile la moyoni, ambalo utafiti wa uzito na urefu haulipimi. Mi nilikuwa namuita bibi mama. Mama yangu akija desemba na mfuko wa mkate na viatu vya saizi ya mwaka jana namuita dada, kwa sababu wadogo zake wa pale nyumbani ndivyo walivyokuwa wanamuita. Dada wa Dar kaja. Nimekuja kumuita mama nina miaka kumi na mbili, nilipohamia Manzese, na hata hivyo lilikuwa linatoka kwa shida, nalizunguka, nasubiri aniangalie ndio niongee. Yeye hajawahi kulalamika. Mpaka leo simu yake nimeandika Mama Manzese kana kwamba wako wawili, na kweli walikuwa wawili.

Kinachonitia stresi zaidi ni huko mbele. Ule mpango mzima ulifanya kazi kwa sababu bibi alikuwa nyumbani, ana shamba, ana mihogo, ana kuku. Mama yangu sasa ndio bibi, ana miaka sitini na mbili, na hana mpango wowote wa kurudi Muheza. Nilipojifungua nikamdokeza, kwa adabu zote, mama labda ukapumzike nyumbani na mjukuu wako. Akacheka akasema, "Mwanangu, mi nina wateja arobaini kila siku, nikapumzike na nini?" Na ana haki! Alinipeleka kwa mama yake ili apate kufanya kazi, sasa kazi ndio maisha yake, nani kasema kuzeeka ni kurudi kuosha nepi. Sensa ya 2022 inasema kaya zetu ni watu 4.3 kwa wastani. Ukijitoa wewe na watoto, hapo ndani bibi ametoshea wapi? Mabibi wajao ni sisi, wenye mikopo na vyumba viwili vya kupanga. Shule bado inatoa watoto saa nane kana kwamba kuna mtu nyumbani. Ofisi bado inasema mtoto akiumwa si kuna bibi yake. Bunge likijadili familia linajadili ndoa, halijadili dei kea za bei ya mtu wa kawaida, mtaani kwetu dei kea ni sebule ya mtu, watoto kumi na tano na televisheni, haina aliyewahi kuja kuikagua.

Kwahiyo mimi nimefanya wanachofanya wote, nimetafuta dada wa kazi. Ana miaka ishirini na mbili, katokea Singida, mpole, mwanangu anampenda kuliko anavyonipenda mimi na silaumu mtu. Tangazo la mishahara lililoanza Januari 2023 liliweka kima cha chini cha 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri, mi namlipa zaidi ya hapo na bado naona aibu kuitaja. Ilipita miezi mitatu ndio nikajua ana mtoto. Wa kiume, miaka minne, yuko kwa mama yake kule kijijini.

Juzi ijumaa nilimpa mshahara, akakaa ngazini anawapigia, kaweka simu loudspika kwa sababu mwanangu alikuwa anaing'ang'ania. Nikasikia sauti ya katoto upande wa pili kanapiga kelele, "Bibi, dada anapiga! Dada!" Akacheka, akaongea nao kidogo habari za mvua na madaftari, akakata. Alafu akaja jikoni kuniomba nimuongezee elfu mbili ya kutolea.