Sabaki ya miezi 12

Pasaka ikishapita, Malindi hupoa. Hoteli kadhaa za ufuoni hufunga milango hadi Julai, mafundi wa makuti hupanda mapaani, na dereva wa tuktuk anayesema Kiitaliano kama aliyezaliwa Milano hushinda kivulini akingoja abiria wa kwenda sokoni. Ndipo ile hoja hurudi mezani: bahari ina msimu wake, basi tuuze mto. Bonde la Sabaki liwape wageni la kufanya mwaka mzima: kutembea, kutazama ndege, kuendesha baiskeli hadi korongo la Marafa, kupiga kambi kando ya Galana, ndilo jina la mto huo huo huko juu. Kazi isikatike.

Nusu ya hoja hiyo naikubali, na nusu hiyo ina uzito kuliko wanavyoipima hata wanaoitetea. Chukua mlango wa mto, mwendo mfupi tu kaskazini ya mji. Mgeni wa Desemba huwakuta pale ndege wa majini waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, nao wengi huondoka kufikia Aprili. Lakini Aprili hiyo hiyo, hoteli zinapofunga, huanza kuingia ndege mwingine: wa kahawia, mabawa marefu yaliyochongoka kama ya mbayuwayu, anayetagia Madagaska tu kisha akaja kukaa pwani yetu hadi karibu Septemba. Agosti moja nilisimama pale jioni nikitazama fungu la mchanga lililojaa madongo ya tope. Kusi ilipozidi, madongo yakaruka. Wako watu wanaokata tiketi ya ndege kuvuka bahari mbili kwa ajili ya kiumbe mmoja wa namna hiyo. Msimu mbaya ni wa vitanda vya hoteli. Mto haujui habari hizo.

Halafu kuna tope lenyewe. Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukikutana na Tsavo unakuwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki, na njia nzima unabeba udongo wa mashamba ya bara. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, maji hayo husukumwa kusini, mpaka ghuba ya Malindi na hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Kwa hiyo mgeni wa Krismasi, aliyelipa bei ya juu kuliko wote, ndiye anayeweza kukuta bahari rangi ya chai ya maziwa. Kusi ikishika, tope hugeukia upande wa Mambrui. (Wavuvi wa kamba wa Ghuba ya Ungwana hawamlaani mtu kwa tope hilo, kamba hunenepa humo.)

Upande wa pili sasa. "Mwaka mzima" huandikika vizuri kwenye tangazo, lakini Sabaki inaweza kufurika Malindi jua likiwaka. Mvua inanyesha Machakos, maji yanafika huku baadaye, na mwongoza wageni aliyetazama mawingu ya kwao tu amejidanganya. Mwaka 1997 na tena mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilionyesha mto huu unavyoweza kujitanua. Barabara za udongo za ndani hugeuka utelezi. Korongo la Marafa, ambalo Wagiriama huliita Nyari, limechongwa na mvua na kazi hiyo haijaisha. Siku ya mvua si mahali pa kumpeleka mtu aliyevaa kandambili. Tsavo Mashariki nako, kiangazi ndicho kinachowavuta ndovu hadi kingo za Galana, kwa kuwa maji mengine yamekauka. Masika hutawanyika porini. Anayemwahidi mgeni wa Mei makundi ya ndovu mtoni amemuuzia hewa.

Hayo ya hali ya hewa yana dawa. Linalonisumbua zaidi ni kwamba mto una wenyewe. Mama mmoja mwenye shamba karibu na kijiji cha Sabaki alinionyesha unyayo wa kiboko kati ya mistari ya mahindi: vidole vinne, mpana kama sinia, umejaa maji, na mahindi yamelala pande zote mbili. Alisema sisi huja kumtazama mnyama yule mchana, yeye humkesha usiku. Kiboko hutoka majini giza likiingia kwenda kula nyasi, na ana njia zake anazozirudia. Jenga banda la wageni juu ya njia hiyo, atatafuta nyingine, na nyingine iliyo karibu ni shamba la mama huyo. Ndege nao hutua mchangani kupumzika; boti na pikipiki za magurudumu manne zikiwarusha kila saa, hawatangoja tuandike kanuni.

Kwa hiyo ningeuza mlango wa mto kwa miguu tu, bila boti, vikundi vidogo, kwa kuhesabu bamvua na maji mafu, yaani siku bahari inapojaa na kupwa sana na siku inapojaa na kupwa kidogo. Kuanzia Aprili hadi Juni waje wapenda ndege wachache wanaojua wanachokifuata, na siku mto ukijaa safari ifutwe bila ubishi. Ada ilipwe kijijini. Nasema hivyo kwa sababu hoteli moja iliwahi kunitoza pesa za kutosha kwa matembezi ya saa mbili, na kijana aliyenitembeza akaniambia fungu lake lilikuwa zaidi kidogo ya nauli ya bodaboda.

Nilimuuliza kijana huyo kama angependa wageni miezi yote 12. Akacheka. Masika analima, akasema, mahindi na kunde, na mvua haimngoji mtu. Alichotaka ni kujua mapema siku za kazi kuanzia Julai, na kulipwa siku hiyo hiyo.