Jengo la Kufunguliwa Linahitaji Mnunuzi

Uwanja wa 974 wa Doha ulijengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2022 kwa makontena na fremu za chuma zilizofungwa kwa bolti. Ahadi ilikuwa kwamba mashindano yakiisha utafunguliwa vipande vipande, navyo vipelekwe kutumika kwingine. Desemba 2024 ulikuwa ungali palepale, unachezewa mechi za FIFA.

Wanaoubeza wana hoja. Kuyeyusha chuma chote kile kumetoa kaboni nyingi, na faida haipatikani mpaka uwanja usimame mara ya pili, tena mahali ambapo safari ya meli haitaila faida yenyewe. Mbunifu alifanya kazi yake vizuri; aliyekosekana ni mtu wa kuuchukua.

Dar es Salaam mambo ni kinyume. Nyumba zilipobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro huko Kimara mwaka 2017, bati, mbao za kenchi, milango na magrili yalikuwa mali. Soko la vitu hivyo lipo siku zote. Kuta ndizo zilizogeuka kifusi, kwa sababu mota ya saruji inayounganisha matofali hushika kiasi kwamba ukiligonga tofali linapasuka lenyewe kabla ya kuachia. Nondo nazo huchomolewa kwenye zege na kunyooshwa kwa nyundo, kisha zinauzwa. Mimi nisingeziweka kwenye lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) ya nyumba yangu, maana chuma kilichokunjwa na kunyooshwa hakiaminiki tena.

Chokaa inayounganisha mawe ya kuta za zamani za Mji Mkongwe, Zanzibar, huachia jiwe likiwa zima. Ila hukauka polepole na hudai matengenezo kila mara, na fundi anayelipwa kwa kazi nzima hana subira hiyo. Kwa hiyo ningeanzia juu: bati lifungwe kwa skrubu badala ya misumari, milango na madirisha yawe ya vipimo vya kawaida. (Kinachofunguka kirahisi kwa mwenye nyumba hufunguka kwa mwizi pia, pingamizi hilo si la kupuuzwa.)

Kikwazo kikubwa zaidi ni nani analipa. Anayejenga leo anaongeza gharama, na anayenufaika ni atakayebomoa miaka arobaini ijayo. Ndiyo maana anayeilewa hesabu hii haraka ni mwenye banda la biashara kwenye kiwanja cha kukodi, anayejua kwamba notisi ya kuhama inaweza kuja wakati wowote.