Huyo Nzohe Hafurahii Asubuhi, Anakimbia

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la wapiga picha wa Mwanza imerushwa picha ya nzohe, yule swala wa kwenye vinamasi, wa Rubondo, hifadhi ya kisiwani Ziwa Victoria. Makofi hadi usiku. "Bingwa!" "Hatari sana!" Na maelezo chini yake: "Nzohe akifurahia asubuhi."

Jamani. Dume yuko hewani, maji yametapakaa, masikio yamelala nyuma, na pembeni, kama una macho, mafunjo yameinama yote upande mmoja kwa wimbi la boti. Anafurahia asubuhi kama mmachinga wa Makoroboi anavyofurahia kuwaona mgambo.

Mchezo huu naujua, nimeshapanda boti ya namna hiyo. Nahodha anachomeka pua ya boti kwenye mafunjo, anaingurumisha mota, kinachochomoka kinapigwa picha. Nilipomwomba azime, akaniuliza kwani nimelipa nije kuangalia majani?

Nzohe maisha yake ni kujificha. Kwato zake ndefu, zilizotanuka, zinampitisha kwenye tope ambalo mimi na wewe tungezama hadi kiunoni. Akiwa nchi kavu, kwato hizohizo zinamchelewesha. Akibanwa kweli anajizamisha majini akabakiza pua tu. Ndani ya mafunjo ana vijia vyake, na jike humficha mtoto humohumo, juu ya majani aliyoyakanyaga yakalala. Ukipitisha boti hapo hujui umepita juu ya nini. Rubondo haina simba wala chui, ndiyo maana nzohe wa pale huthubutu hata kuingia msituni. Ujasiri huo tutaumaliza sisi kwa mota.

Haya, mgeni amelipa dola zake na ana siku mbili tu, na nahodha anategemea bakshishi. Nakubali, shingo upande. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka ghuba ya Mwanza, lifunguliwe 2025, wageni watazidi. Heri.

Lakini minde, swala wa msituni ambaye hayupo nchi nyingine yoyote isipokuwa Tanzania, alipigwa picha ya kwanza porini mwaka 2003, na hakukimbizwa na mtu: kamera ilitegwa, watu wakaondoka zao. Kwa nzohe hata kamera ya kutega haihitajiki. Nenda alfajiri, zima mota mbali, upepo usipeleke harufu yako kwake, tulia. Ukiambulia sikio moja kati ya mafunjo, turushie hilohilo sikio, makofi nitapiga mimi.

Mgeni hawezi kusubiri? Mpeleke kisiwa cha Saanane, dakika chache tu kwa boti kutoka mjini, akapige swala pala na pimbi mpaka betri iishe.