Saruji ya chemchemi haizuii choo cha jirani
Kuna makala inayodai ati chemchemi za Kampala zilizojengewa saruji ni salama kwa kuwa uchafu wa juu hauingii. Mwandishi wake ameangalia mdomo wa bomba tu, mlima ulio nyuma yake hakuuona. Saruji inazuia mifugo na maji ya barabarani pale yanapotokea; maji yenyewe yameshapita chini ya vyoo vya shimo vya kila ua kuanzia huko juu. Mimi nakaa Bwaise, mtaa wa Kampala ulio bondeni, zamani kinamasi. Huku ukichimba kidogo tu unakuta maji, ndiyo maana vyoo vyetu vimeinuliwa, unapanda ngazi kama unaingia jukwaani. Mvua ya Aprili ikikolea, maji ya ardhini yanapanda mpaka yanafikia shimo, na wapo (tunajuana) wanaozibua tundu la chini la choo usiku ili mvua ibebe kinyesi. Asubuhi foleni ya madumu ya njano iko palepale chemchemini, maji maangavu, hayana hata harufu. Kuchemsha kunaua vijidudu vya homa ya matumbo, ile iliyotutesa hapa mjini 2015, lakini naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi na mkojo wa vyooni, haiondoki. Maji yakipungua sufuriani ndiyo kwanza inazidi. Kikomo chake cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na wanaoumia zaidi ni wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga. Wenzangu wa Kisenyi na Namuwongo, kuna aliyewahi kupimiwa chemchemi ya kwao akaletewa majibu?